Ripita Juu ya Tangi la Maji: Arusha Hadi Moshi Kabla ya Masika

Alhamisi, Arusha

Ripita yetu ya Moshi imekuwa ikidhoofika tangu Krismasi. Wenzetu wa Machame wanaisikia vizuri, lakini yenyewe haiwasikii. Wa Himo wamepotea kabisa. Kikundi chetu cha redio za ridhaa, yaani za kusemezana bila biashara, kimekubaliana twende sasa, kabla ya masika, maana ikishaanza kunguruma mwezi wa tatu hakuna mwenye akili timamu atakayepanda tangi la chuma lililosimama peke yake uwandani.

Kwa asiyewahi kukutana nayo: ripita ni redio mbili ndani ya sanduku moja. Moja inasikiliza, nyingine inasema papo hapo kile ilichosikia mwenzake, kwa nguvu zaidi na kutoka mahali pa juu. Yetu inasikiliza kwenye megaherzi 145.050 na kusema kwenye 145.650. Tofauti hiyo ya kiloherzi 600 tumeikuta imeshakubaliwa katika Kanda ya Kwanza, ambayo ni Afrika, Ulaya na majirani zao. Leseni hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kila mwenye leseni hapa Tanzania ana jina la hewani linaloanza na 5H. Ukiwa na redio ya mkononi ya wati 5 huko Kibosho, migomba na mabonde yatakuziba usimfikie mtu wa Njiapanda. Ukilifikia tangi, tangi litamfikia.

Leo kazi ilikuwa ya kufungasha na kupima. Tulianza na ripita ya Arusha, iliyo juu ya tangi la taasisi moja upande wa Sakina, tukiwa na vipimo vilevile tutakavyotumia Moshi, ili tuwe na kitu kizima cha kulinganishia. Iko salama. Kisha madukani: bolti za stenlesi, yubolti (bolti zenye umbo la U) za bomba la inchi mbili, tepu ya mpira ya kujishika yenyewe, tepu nyeusi ya umeme, rangi ya zinki, vifungo vya plastiki vyeusi. Usinunue vyeupe. Jua la huku huvikausha na kuvivunja mapema kuliko unavyodhani.

Ijumaa, barabarani na chini ya mnara

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Dada yetu mpandaji, aliyewahi kufanya kazi kwenye minara ya simu, alikaa mbele na redio ya mkononi, akawa anaita kila tulipopita kituo: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti. Ya Arusha ilianza kukatikakatika Maji ya Chai. Ya Moshi tukaanza kuisikia Boma Ng'ombe, safi kabisa, lakini kila tulipoiita ilikaa kimya. Zamani tulikuwa tunaifungua tukiwa njiapanda ya uwanja wa ndege wa KIA.

Dalili hiyo inasema mengi. Ripita yetu inarusha wati 25, redio ya mkononi wati 5. Kitu kikipunguza mawimbi kati ya antena na sanduku, hupunguza yanayopanda kurushwa na yanayoshuka kusikilizwa kwa kiasi kilekile. Ila yanayopanda yana akiba, kwa hiyo msikilizaji haoni tofauti haraka. Yanayoshuka hayana akiba yoyote. Ndiyo maana ripita mgonjwa huwa kiziwi kabla ya kuwa bubu.

Tangi letu liko kusini ya mji, kwenye tambarare ya barabara ya TPC, kiwanda cha sukari. Watu wengi wakisikia tumeweka ripita Moshi hudhani iko mlimani, na wakiambiwa iko chini kule kwenye mpunga na miwa huuliza kwa nini. Jibu liko mbele ya macho ukisimama pale asubuhi. Kutoka uwandani, upande wote wa kusini wa Kilimanjaro umekuelekea kama jukwaa la uwanja wa mpira: Machame kushoto, Kibosho mbele yako, Old Moshi, halafu Kilema na Marangu kulia. Kila aliye kwenye jukwaa anakiona kiwanja. Ukiiweka ripita katikati ya jukwaa, itawaona walio uwandani, lakini majirani zake wa kijiji cha pili watakuwa nyuma ya mgongo wa kilima.

Maji nayo yana hesabu yake ya urefu. Kule juu vijijini utakuta matangi ya saruji yamekaa chini, kwa sababu mteremko wenyewe unasukuma maji, kama ulivyosukuma maji ya mifongo, mifereji ya Wachaga, tangu enzi za mababu. Huku chini hakuna mteremko, kwa hiyo watu wakajenga wa kwao: miguu ya chuma, tangi juu, pampu chini. Kila mita 10 za urefu hutoa msukumo wa takriban baa 1 bombani. Kwenye redio urefu hulipa kwa ubahili zaidi. Upeo wa mawimbi yetu kwenye ardhi tambarare, kwa kilomita, ni karibu mara 4.1 ya kipeuo cha pili cha urefu kwa mita. Antena yetu iko mita 24 juu, hivyo upeo ni kama kilomita 20. Ukitaka kilomita 40 utahitaji mnara wa mita 96. Ila mlima ukishainuka mbele yako unakupa kilomita zilizobaki bure.

Tuliwakuta mzee wa pampu na mama katibu wa kamati ya maji wakitusubiri kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja na mvua au mmeitangulia?"

"Tumeitangulia, mzee wangu."

"Basi fanyeni hima. Tangu juzi mlima unajifunika mapema."

Mama katibu alifungua daftari, akatusomea tena masharti kama anavyofanya kila tukija. Tangi halitobolewi wala kuchomelewa. Mfuniko haufunguliwi bila mzee kuwepo. Hakuna rangi, kutu wala chembe ya chuma itakayoingia majini. Kila anayepanda aandikwe jina na saa, akishuka aandikwe tena. Nayapenda masharti haya. Watu wanakunywa kilichomo ndani ya lile tangi. Sisi ni wageni juu ya paa lao. Hatulipi kodi ya fedha. Tulichotoa ni kipimo cha kina cha maji chenye taa tatu pale chini, ili mzee asipande ngazi kila jioni kuchungulia. Kikiharibika, tunakitengeneza kwanza kabla ya kugusa ripita, na leo tulianza nacho: kiungio kimoja cha waya kilikuwa kimeliwa na kutu.

Mama aliniuliza swali ambalo kila kamati huuliza siku moja: "Mwanangu, simu ziko kila mfuko. Hii yenu ni ya nini?" Nilimkumbusha Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Ripita haikujua kwamba kuna kitu kimetokea. Haina waya wa kwenda Dar es Salaam wala kompyuta ya ng'ambo. Inahitaji betri iliyo chini ya tangi na antena iliyo juu yake, na watu wawili wanaotaka kusemezana. Mama aliandika kitu daftarini, sikuona nini.

Mchana tulifungua sanduku. Mita ya kupimia mawimbi yanayorudi ilionyesha 1.1 kwa 1; 1 kwa 1 maana yake hakuna kinachorudi. Siku tulipofunga antena ilikuwa 1.4. Namba imekuwa nzuri zaidi, na hapo ndipo fundi wetu mzee alipotikisa kichwa. Antena haijitengenezi yenyewe juu ya tangi. Kebo ikiingia maji hula nguvu inayopanda, kisha hula tena ile inayorudi kutoka kwenye antena, na mita iliyo chini huona kidogo sana kikirudi, ikatoa habari njema za uongo. Nimeona watu wakiridhika na namba kama hiyo mwaka mzima huku ripita yao inakufa. Ukitaka ukweli wa kebo, pima upotevu wake peke yake, ncha ya juu ikiwa imefunguliwa.

Upepo ulipovuma jioni tulisikia pia mikwaruzo hewani kila ripita ilipokuwa inasema. Ikinyamaza, nayo inanyamaza. Hiyo ni kutu. Chuma kinachogusana na chuma kupitia kutu hufanya kazi ya dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu: hupokea mawimbi yetu yenyewe, huyachanganya na kuyatapika kwenye masafa mengine, yakiwemo yale tunayosikiliza. Kesho tutajua ni kiungo kipi.

Jumamosi, juu

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi tulipoanza, saa moja kasoro. Fundi alizima ripita, akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni mwake. Mtu akiwa karibu na antena, fyuzi haiachwi kwenye sanduku hata ukimwamini kila aliye chini. Dada alivaa hanesi yenye kamba mbili na kanuni yake moja: kabla ya kufungua kamba hii, ile nyingine imeshafungwa. Kila spana ilikuwa na uzi wake mkononi au kiunoni. Mzee wa pampu alipanda hadi jukwaa la kwanza kuhakikisha mfuniko umefungwa, kisha tukautandikia turubai.

Chini ya ukingo palikuwa na kiota cha nyigu. Dada alisubiri kwenye ngazi bila kujitikisa, akakikwepa kwa upande wa pili, tukapandisha vifaa huko.

Antena tumeisimamisha kwenye bomba lililobanwa na reli ya juu, ncha yake ya chini ikiwa juu ya mfuniko wa tangi kwa zaidi ya mita mbili. Nimeona kwingine wameifunga ubavuni mwa tangi kwa sababu ni rahisi kufika. Tangi la chuma lililojaa maji ni ukuta. Nusu ya dunia inabaki kivulini, na ile nusu nyingine inapata mawimbi yaliyopotoshwa na mwangwi wa chuma. Ukikosa njia ya kuifikisha juu ya paa, heri utafute tangi jingine.

Dada alipokata tepu ya zamani sauti yake ilishuka kwenye redio: "Kaka, imepauka na kupasuka yote. Ndani ni kijani." Kiungo cha juu kilikuwa kimeota kutu ya shaba. Alipokifungua na kuinamisha kebo, maji yalidondoka. Jua lilikuwa limeichoma tepu, mvua za vuli zikapata mlango, na matundu ya waya uliosukwa ndani ya kebo yakayavuta maji taratibu kwenda chini. Tulipoishusha kebo na kuipima chini, upotevu ulikuwa desibeli 9. Yaani katika kila wati 8 zilizoingia, iliyotokea upande wa pili ni 1. Na kwa upotevu huo, hata ungeing'oa antena ukaitupa shambani, mita ya chini ingeendelea kuonyesha chini ya 1.3.

Kebo mpya ni mita 35, ya unene wa milimita 10, na kwenye masafa yetu hupoteza chini kidogo ya desibeli 2, karibu theluthi ya nguvu. Nyembamba ile ya redio za gari ingekula zaidi ya nusu ikiwa mpya kabisa.

Kuhusu kufunga kiungo dhidi ya maji nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo ripita nyingi huanza kufia. Kaza kiungo kikiwa kikavu, asubuhi baada ya umande kuondoka. Tabaka la kwanza ni tepu ya umeme, nyembamba, ili siku ya kufungua usikute gundi kwenye shaba. La pili ni tepu ya mpira: ivute hadi karibu mara mbili ya urefu wake, izungushe kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliopita, kama mabati ya paa yanavyolaliana ili maji yateremke bila kuingia. La tatu ni tepu nyeusi kuikinga ile ya mpira na jua. Mzunguko wa mwisho usiuvute. Ukikatwa ukiwa umevutwa utajifumua wenyewe. Kisha acha kebo ishuke kidogo chini ya kiungo na kupanda tena kabla ya kuingia sehemu inayofuata, ili tone linalotambaa juu ya kebo lidondokee pale kwenye tumbo na lisifike ndani. Hata sandukuni kebo inaingilia kutokea chini.

Kutu iliyokuwa inakwaruza tuliipata: yubolti mbili za chuma cha kawaida kwenye reli ya mabati ya zinki. Hatukupiga msasa wa mashine, kwa sababu ya chembe. Dada alitumia brashi ya mkono huku mfuko ukiwa umefungwa chini yake, akapaka rangi ya zinki, akaweka bolti za stenlesi, na kati yake na reli kipande cha mpira ili vyuma viwili tofauti visigusane na kulana.

Waya wa ardhi ulikuwa umeibwa. Shaba haikai. Kipande cha mita mbili cha chini kimekatwa vizuri kwa koleo, na maana yake ni kwamba radi yoyote iliyopita tangu hapo ingetafuta njia ya kupitia kwenye sanduku letu. Tumebadilisha, tukaweka bapa la chuma cha zinki, ambalo halina soko kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kama shaba, limefungwa kwenye mguu wa tangi na kwenye nondo mbili za ardhini. Ganda la nje la kebo limeunganishwa na mguu wa tangi juu na chini. Kikinga radi kiko mlangoni mwa sanduku, upande wa nje.

Saa nne mawingu yalikuwa yamemeza Kibo, na saa sita tulirudisha fyuzi. Mita: 1.4 kwa 1. Tulishangilia.

Halafu jua lilipokaza, pampu ya sola ikaanza kazi na ripita ikawa kiziwi tena. Ilituchukua mchana wote. Mashine inayogeuza umeme wa sola kuwa umeme wa pampu hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya zake ndefu huwa antena. Tulihamishia sanduku letu kwenye mguu wa pili, tukatenganisha waya zetu na za pampu zisilale pamoja, tukavika pete za feraiti, za kuzuia kelele za umeme, kwenye waya za betri na za paneli. Pampu ikiwa inazunguka bado kuna mnong'ono, ila toni ya herzi 88.5 ambayo kila redio yetu hutuma chini ya sauti huizuia ripita isifunguke kwa kelele tupu.

Mama katibu alituletea mtori na nyama. Tulikula tumekaa kwenye bomba la akiba.

Jumapili, mteremkoni

Baada ya ibada tuligawana. Fundi alibaki kwenye tangi na mzee, sisi tukapanda na redio za mkononi.

Machame: safi, hadi karibu na geti la hifadhi, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kibosho: safi kwenye migongo, ikakatika tuliposhuka korongoni kuelekea daraja, ikarudi tulipopanda. Makorongo ya Kilimanjaro yanakatwa na mito kutoka juu kwenda chini, na ukiwa ndani yake unaona anga kwa ukanda tu. Old Moshi: nzuri, hata katikati ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Himo: imerudi, na mwenzetu wa pale, ambaye hajasikika tangu Krismasi, alizungumza hadi kipima muda cha dakika 3 kikamkata. Alirudi hewani akaendelea.

Marangu ni nusu. Barabara ya juu inafika, upande wa mashariki wa mto haufiki.

Pale Marangu dereva mmoja wa watalii alitusikia, akaja kuuliza kama kampuni yao inaweza kuitumia kuwasiliana na magari. Nilimweleza kwa heshima kwamba haiwezekani. Masafa ya ridhaa hayafanyi biashara, hata ya kuulizia mgeni amefika hotelini saa ngapi. Kampuni zina leseni zao na masafa yao. Lakini yeye binafsi akitaka kusoma, afanye mtihani na kuomba leseni, tutamfundisha. Alichukua namba.

Nimefikiria sana swali la Marangu njiani. Wapo kikundini wanaotaka tupeleke ripita juu mlimani tumalize ubishi. Napinga, na nitapinga kwenye kikao. Sehemu ya juu sana ambayo unahitaji kibali, wapagazi na siku ya hewa nzuri kuifikia ni sehemu ambayo tepu iliyopasuka itakaa mwaka mzima bila kuguswa. Tangi la uwandani lina ngazi, lina mtu anayelala pale, lina daftari. Mzee wa pampu ndiye aliyetupigia simu mwezi wa kwanza kusema taa ya sanduku inawaka muda mrefu kuliko kawaida. Hakuna kilele kitakachokupigia simu. Marangu tutaitafutia tangi lake.

Jumatatu, kurudi

Kabla ya kuondoka tulipima betri alfajiri, kabla jua halijagusa paneli. Hesabu yake ni hii: ripita ikisubiri hutumia nusu ampea, sawa na ampea-saa 12 kwa siku, ikisema hutumia kama ampea 6, na tukiipa saa mbili za mazungumzo kwa siku ni nyingine 12. Jumla 24. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo tuna siku mbili za mawingu mazito. Moshi zinatosha mara nyingi. Arusha mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishuka Meru na kukaa, hazitoshi, na kule tutaongeza paneli kabla ya Juni.

Mama katibu aliandika majina na saa, akatuonyesha ukurasa. Tumekubaliana turudi masika yakiisha kuangalia kiungo cha juu na nondo za ardhini, na wakati huohuo kubadilisha waya wa taa ya tatu ya kipimo cha maji, ambao nao umeanza kupauka. Mzee amepewa redio ya kusikilizia tu. Akisikia mikwaruzo siku ya upepo ataandika saa.